Posho tulimwongezea, maalim akaondoka

Mwezi mmoja baada ya kamati ya msikiti wetu kumwongezea posho, maalim wa madrasa aliniletea barua ya kuacha kazi. Barua ya nyongeza niliiandika mimi, katibu. Na ya kuaga nikaipokea mimi. Hakuwa amepata mahali penye malipo makubwa zaidi. Alikwenda kununua samaki pwani alfajiri na kuwatembeza kwa baiskeli, kazi ambayo kusi ikivuma kwa nguvu haileti hata pesa ya unga. Wajumbe walistaajabu, na mmoja wao akasema kijana hana shukrani.

Jioni ile nilimfuata kwake. Alinikaribisha barazani, tukanywa kahawa, kisha akasema kwa upole: "Katibu, nyongeza nimeipokea, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini nimefundisha hapa miaka minne, na kwa miaka yote hiyo sijapata kuulizwa neno moja juu ya kufundisha."

Akanihesabia. Ratiba ilipangwa na kamati. Vitabu vilichaguliwa na mfadhili. Wanafunzi walipozidi sabini katika chumba kimoja, aliambiwa avute subira. Siku ya kuwatunuku watoto waliohitimu juzuu, mbele walisimama mwenyekiti na mgeni rasmi. Yeye alikuwa nyuma akipanga viti. Katika hayo yote hapakuwa na moja lililokuwa geni kwangu. Mihtasari ya vikao hivyo niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndugu msomaji, jambo lililomtoa maalim wetu limechunguzwa kwa miaka mingi na wataalamu wa elimu ya nafsi. Mwaka 1971 Mmarekani mmoja, Edward Deci, alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia wanafunzi wa chuo. Aliwapa vipande vya mchezo wa kuunganisha maumbo, mchezo ambao wengi waliufurahia bila kushawishiwa. Kisha baadhi yao wakalipwa dola moja kwa kila umbo walilofaulu. Malipo yalipoondolewa, wale waliokuwa wamelipwa waliugusa mchezo kwa muda mfupi zaidi walipoachwa peke yao. Waliopewa maneno ya kutambua juhudi yao, badala ya fedha, hamu yao haikupungua, iliongezeka.

Baadaye Deci na mwenzake Richard Ryan walijenga juu ya msingi huo nadharia ambayo leo hutumiwa sana katika utafiti wa afya ya nafsi kazini. Wanasema mwanadamu ana mahitaji matatu ya nafsi, kama mwili unavyohitaji chakula. La kwanza ni kuwa na kauli katika analolitenda, ahisi kwamba kitendo kimetoka ndani yake na hakusukumwa tu kama mkokoteni. La pili ni umahiri: kuona kwamba anaweza, na kwamba leo anaweza zaidi kuliko jana. La tatu ni mafungamano, yaani kujua kwamba kuna watu wanaomjali, naye ni mmoja wao. Mtumishi anayeyapata haya hudumu na hufanya kazi kwa moyo mkunjufu. Anayeyakosa huchoka hata kama kazi yenyewe si nzito, huanza kuugua magonjwa yasiyo na jina, na mwisho huondoka. Au, lililo baya zaidi, hubaki mwili wake ukiwepo na moyo wake umekwishatoka.

Nilipoyapima hayo na maneno ya maalim, niliona kwamba tulimnyima yote matatu, kisha tukashangaa kwa nini noti chache hazikutosha.

Sisi wa Kilwa tungeweza kulijua hilo bila kungoja utafiti wa Marekani. Katika vilima vya Umatumbi kuna kijiji cha Nandete. Tangu mwaka 1902 serikali ya Kijerumani chini ya Gavana von Götzen ilianzisha mpango wa kulimisha watu pamba kwa amri, maakida wakisimamia na kiboko kikiwa karibu. Mwezi wa Julai 1905, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela wanakumbukwa kuwa ndio waliong'oa miche ya kwanza ya pamba hapo Nandete, na vita vya Maji Maji vikaanza. Sababu za vita vile zilikuwa nyingi, kodi ikiwemo, wala sitaki kuzifanya zote kuwa somo la saikolojia. Lakini tuliangalie hili moja. Wamatumbi hawakuwa wavivu. Walikuwa wakulima hodari, wenye mashamba ya chakula waliyoyalima wao na wazee wao. Jembe lilikuwa lile lile na mikono ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa aliyeamua kilimwe nini, lini, na kwa faida ya nani, alikuwa mtu mwingine, na ujira ulikuwa wa dhihaka.

Upo pia mfano wa upande wa pili, karibu zaidi na wakati wetu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka miongoni mwa yaliyo hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa ikila ufukwe na kuta zikiporomoka. Ikafanyika kazi kubwa ya ukarabati, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Fedha zilitoka nje kwa sehemu kubwa, lakini mikono ilikuwa ya wenyeji waliofundishwa kujenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Saruji haikufaa: ni ngumu kuliko tumbawe, huufungia unyevu ndani ya ukuta, na jiwe huliwa polepole. Ikabidi kurejea ustadi wa kale wa kuchoma chokaa, kuizima kwa maji, na kuiacha itulie kabla ya kuitumia. Huo si ustadi wa siku mbili.

Nimevuka kwenda Kisiwani na wageni mara kadhaa. Safari moja, mwenyeji aliyepata kushika mwiko katika kazi zile hakutuambia alilipwa kiasi gani. Alitupeleka kwenye kona moja ya ukuta, akaupapasa kwa kiganja, akasema, "Hapa ni mimi." Wageni walikuwa wakitazama kuba za Msikiti Mkuu. Mimi nilikuwa namtazama yeye.

Hapa nachelea makala hii isije ikawafaa mabakhili. Wapo waajiri, na katika kamati zetu za misikiti wapo pia, watakaofurahi kusikia kwamba fedha si kila kitu, nao wakalifanya hilo hoja ya kutolipa. Neno fi sabilillahi tumelitumia vibaya kwa muda mrefu: maalim ana watoto, ana kodi ya nyumba, na duka halipokei dua. Mtume (S.A.W.) ameagiza, katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, mtenda kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Ujira ni haki, na haki hailipwi kwa maneno matamu. Ninachosema ni kwamba baada ya kuulipa bado tunadaiwa.

Na deni hilo liko ndani ya nyumba zetu vilevile. Wengi wetu tuna dada wa kazi, binti aliyetoka kijijini Liwale au Ruangwa, anayeamka kabla ya adhana na kulala wa mwisho. Yeye naye ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kazi kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na sidhani kama zipo nyumba kumi mtaani kwangu zinazozihesabu saa hizo. Lakini hata kabla ya sheria, tujiulize: ni nani aliyempa nafasi ya kuamua walau mboga ya leo? Ni lini aliambiwa kwamba pilau yake imeshinda ya mama mwenye nyumba? Anakula wapi? Katika hadithi ya Bukhari tumefundishwa kwamba mtumishi aletapo chakula, kama hatukumketisha pamoja nasi basi tumpe angalau tonge moja au mawili, kwa kuwa ni yeye aliyestahimili moto wake. Na Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume kwa miaka kumi tangu utotoni, amesimulia kwamba hakupata kuguniwa naye wala kuulizwa kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Nilipoisoma hadithi hiyo chuoni niliihifadhi kwa ajili ya mtihani. Kuielewa nimeielewa barazani kwa maalim.

Kamati ilikaa saa tatu juu ya suala hili. Maalim mpya hupanga ratiba yake mwenyewe na kutuletea tuione. Huhudhuria kikao na husema. Darasa limegawanywa mara mbili. Na siku ya zawadi ni yeye aliyewaita watoto majina. Mzee mmoja wa kamati bado anapinga. Anasema tukianza kumtaka mwajiriwa ushauri, kesho atatuamrisha. Kila kikao hoja hiyo hurudi, na kila kikao tunaijibu.

Maalim wa zamani hakurejea, ingawa tulimwomba. Husali nasi Ijumaa, baiskeli akiiegemeza kwenye mwembe. Wiki iliyopita, tulipokuwa tukivaa viatu, aliniuliza kama yule mtoto wa darasa la jioni, aliyekuwa akikwama katikati ya Surat al-Mulk, amekwishaivuka. Nikamwambia sijui, nitauliza.