Viputo vya gesi kwenye tangi la samaki: usihesabu tu, pima maji

Leo naongea na mnaouza na kufunga matangi ya samaki wa mapambo yenye mimea hai ndani, hasa mnaowafungia wateja wa lodge, saluni na ofisi. Kuna kosa nililifanya mwenyewe likanitoa jasho.

Mimea ya majini inakula kabonidioksaidi, gesi ileile ya kwenye soda. Kwetu huku si kitu cha ajabu: kule Kyejo, Rungwe, inatoka ardhini yenyewe, na kampuni ya TOL inaivuna. Ukiongeza kidogo kwenye tangi mimea inanawiri. Ukizidisha, samaki wanakosa pumzi.

Basi nikapata mteja Iringa, tangi la lita 100, sawa na langu la hapa Mbeya. Langu lilikuwa linaenda viputo viwili kwa sekunde na samaki wanacheza tu. Nikalifunga la kwake, nikahesabu viputo viwili kwa sekunde, nikachukua hela yangu, nikapanda basi. Asubuhi simu inaita: samaki wako juu ya maji wanahema, wanane wameshakufa. Nilirudisha hela ya ufundi, na samaki nikanunua wengine.

Shida ni kwamba viputo havilingani. Kichupa chake cha kuhesabia kilikuwa na mrija mpana kuliko wangu, kwa hiyo kila kiputo kilikuwa kikubwa. Chujio langu linamwaga maji kwa juu, gesi nyingi inatoroka; la kwake lilizama chini, uso wa maji umetulia tuli. Halafu usiku sikufunga gesi. Taa ikizimwa mimea haili gesi tena, yenyewe inaitoa. Hata ushauri wa mtu wa Dar usiuchukue kichwakichwa: huku juu hewa ni nyepesi, kiputo cha ukubwa uleule kinabeba gesi pungufu, kwa Mbeya karibu moja ya tano.

Kuhesabu viputo kunakuonyesha umefungua koki kiasi gani, basi. Gesi iliyoingia kwenye maji inapimwa kwa kile kikengele cha kioo kinachobandikwa ndani ya tangi. Unakiwekea maji maalumu ya ugumu wa digrii 4 (siyo maji ya tangi, hapo wengi wanakosea) na matone ya dawa ya bromothaimoli buluu. Ikibaki bluu, gesi ni ndogo. Kijani, iko kama miligramu 30 kwa lita, hapo ndipo tunapopataka. Njano, punguza haraka. Ila rangi inachelewa, saa moja hadi mbili, usiwe na papara.

Siku hizi naanza na kiputo kimoja kwa sekunde kwa lita 100. Naweka saa ya simu, nahesabu sekunde 30 nzima, nataka viputo 30. Nasubiri masaa mawili, naangalia rangi, naangalia na samaki. Ikiwa bado bluu nageuza koki kidogo sana, naandika hesabu mpya kwenye daftari, nasubiri tena. Hiyo ni siku nzima, kwa hiyo kama mteja yuko mbali, gharama ya kulala iingie kwenye bei yako mapema. Muuzie pia vali ya umeme yenye taima: gesi ifunguke saa moja au mbili kabla ya taa kuwaka, ifungwe saa moja kabla ya taa kuzimika.

Mnaotumia chupa ya sukari na hamira, msiibane kwa koki, chupa itapasuka. Na baridi yetu ya Juni na Julai hamira inalala: asubuhi viputo hakuna, mchana chumba kikipata joto vinarudi. Nyumbani kwako sawa, kwa mteja mimi siiuzi.

Samaki wakianza kuhema juu ya maji, funga gesi, washa pampu ya hewa, badilisha theluthi ya maji. Mfundishe mteja hilo kabla hujaondoka, na ubandike karatasi pembeni ya tangi yenye hesabu ya viputo na maneno USIGUSE KOKI. Kuna lodge mlinzi wa usiku alikuwa anaifungua zaidi, eti anapenda kuona mapovu.