Tangi la maji taka lisikule kodi ya nyumba

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wengi wa Dar es Salaam wanaoweka faida yao katika nyumba za kupangisha hukagua paa, rangi, mita ya umeme na fremu za mbele. Kitu kimoja husahauliwa kwa sababu kimefukiwa ardhini, nacho kinaweza kula kodi ya miezi kadhaa kwa siku moja. Kitu hicho ni tangi la maji taka.

Nyumba nyingi za jiji hazijaunganishwa na bomba la umma la maji taka. Maana yake ni kwamba kila mwenye nyumba ni mamlaka ya maji taka katika kiwanja chake, apende asipende. Asipotenga fungu la kazi hiyo atalipa mara mbili: kwa fundi na kwa wapangaji watakaohama.

Utaratibu wa tangi ni rahisi. Vitu vizito huzama na kuwa tope, mafuta huelea na kufanya utando juu, na maji ya katikati hutoka kwenda katika shimo la pili, ambako hunywewa na ardhi. Vijidudu hula sehemu ya tope, lakini hawalimalizi. Tope likijaa, huanza kutoka pamoja na maji na kuziba udongo wa shimo la pili. Hapo ndipo hasara ilipo. Tangi lililojaa hunyonywa kwa gari, lakini shimo ambalo udongo wake umeziba mara nyingi huachwa na kuchimbwa jingine, kama kiwanja bado kina nafasi.

Hesabu ya wapangaji

Kadirio linalotumiwa na wataalamu kwa tangi linalopokea maji ya choo, bafu na jiko ni lita 40 za tope kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kanuni inayofuatwa ni kunyonya tope linapofikia theluthi moja ya kina cha maji.

Chukua mfano wa tangi la lita 3,000 lililojengwa kwa familia ya watu sita. Tope lao ni lita 240 kwa mwaka, hivyo theluthi ya tangi, yaani lita 1,000, itajaa baada ya miaka minne hivi. Sasa mwenye nyumba ahamie kwingine na kupangisha chumba kimoja kimoja hadi wafike watu 18. Tope linakuwa lita 720 kwa mwaka, na theluthi hiyo hujaa kwa muda usiofika mwaka na nusu. Kodi imeongezeka, lakini tangi ni lile lile.

Kwa kulinganisha, kiwango cha Uingereza cha mwaka 1983, BS 6297, kiliweka ukubwa wa tangi kuwa lita 180 kwa kila mtu, kisha kuongeza lita 2,000. Watu sita wanahitaji lita 3,080, na watu 18 wanahitaji lita 5,240. Anayetaka kuongeza vyumba uani afanye hesabu hiyo kabla ya kununua tofali la kwanza.

Kupima bila gharama

Kupima tope hakuhitaji fundi. Funga kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, ushushe kupitia mfuniko hadi chini, subiri dakika chache, kisha uvute taratibu. Alama nyeusi itaonyesha urefu wa tope. Kama kina cha maji ni mita 1.5, sentimita 50 za tope ni ishara ya kuita gari.

Jambo moja halina mjadala: mtu asiingie wala kuinamisha kichwa ndani ya tangi, hata likiwa tupu. Hewa yake huua kwa dakika chache, na mara nyingi huua pia anayeshuka kuokoa.

Wakati mzuri wa kunyonya ni Januari na Februari, kabla ya masika. Mvua zikianza Machi, njia za mitaani huharibika, magari hugombewa, na maji ya ardhini hupanda, hasa maeneo ya mabondeni. Wapo wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe choo mtaroni. Huko si kuokoa fedha. Ni kosa kisheria, na ni kumpelekea jirani kipindupindu, ugonjwa uliolitesa jiji hili kuanzia Agosti 2015. Mwenye gari aulizwe anakomwaga, kwani maji hayo yanapaswa kufika kwenye mabwawa yaliyoruhusiwa, kama yale ya Vingunguti.

Unga na dawa zinazouzwa madukani kwa ahadi ya kumaliza tope hazichukui nafasi ya gari. Linalosaidia ni kuzuia mafuta ya kupikia, mchanga, nepi na taulo za kike visiingie chooni, na kutomimina dawa kali nyingi zinazoua vijidudu.

Kwa anayenunua nyumba

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji tangi liko wapi, lina ukubwa gani, na lilinyonywa lini. Taka mfuniko ufunguliwe. Angalia kama mpira wa gari utafika. Jihadhari na fremu au banda lililojengwa juu ya tangi, kwani siku ya kunyonya utavunja sakafu ya mpangaji wako mwenyewe. Eneo lenye unyevu muda wote au nyasi mbichi wakati wa kiangazi ni dalili kwamba shimo la pili limeziba, na bei ipunguzwe kulingana na gharama ya kuchimba jingine.

Kwa aliyekwisha kununua, njia rahisi ni kuchukua bei ya safari za gari zinazotakiwa, kuigawa kwa idadi ya miezi kati ya kunyonya na kunyonya, na kutenga kiasi hicho katika kila kodi inayopokelewa. Fungu hilo lihesabiwe kama gharama ya biashara kabla ya faida, na liandikwe pia katika mkataba ili mpangaji na mwenye nyumba wajue nani analipa nini. Ugomvi wa nani aite gari hutokea wakati choo kimeshafurika, na wakati huo mwenye gari ndiye anayepanga bei.