Nauli ya Mzazi: Lipa kwa Simu Bila Kumpa Makanga PIN

Kama mama au baba yako anaishi Kisii au Nyamira, unajua safari ya kliniki haitaki haraka. Kutoka nyumbani hadi barabarani ni boda au ni mguu, mlima juu, mlima chini, na mara nyingi mvua imeshanyesha. Halafu ni matatu au Probox mpaka mjini. Kwa mtu mwenye goti bovu, magongo, fimbo nyeupe au kiti cha magurudumu, karibu kila hatua hapo inahitaji mtu wa kusaidia.

Leo tunaongea kuhusu hatua moja ambayo wengi wetu hatuifikirii: ile dakika ya kulipa nauli.

Gari imejaa. Makanga anakusanya pesa. Mzee hana miwani, na kabambe yake iko ndani kabisa ya mfuko wa koti. Makanga anamwambia, "Tata, lete simu nikusaidie." Tata ni baba kwa Ekegusii, na mara nyingi kijana huyo anasaidia kwa roho safi. Lakini swali linalofuata ndilo lenye shida: "PIN ni gani?" Mzee anaitaja kwa sauti, gari zima linasikia.

Tuelewane hapa mapema. Mkono wa kukupandisha gari si mkono wa kushika PIN yako. Mtu anaweza kuhitaji msaada wa kupanda, kukaa na kushuka, na bado pesa zake zikabaki siri yake.

Kwa nini hii ni kubwa kuliko nauli

Wazee wa miaka 70 na zaidi walio kwenye mpango wa Inua Jamii hupata Sh2,000 kwa mwezi. Kuna pia familia zenye watu wenye ulemavu mkubwa ambazo hutegemea pesa hizo hizo. Ukiongeza kile watoto wanatuma, simu ya mzee ndiyo benki yake. Mtu akijua PIN kwa sababu ya nauli ya Sh150, anaweza kufikia kila kitu kilichobaki.

Na tusidhani tatizo ni makanga peke yake. Abiria wa kiti cha nyuma anaweza kusikia PIN leo, na simu ipotee sokoni kesho.

Hesabu ndogo ya ada

Watu wengi humtumia mzazi pesa, kisha mzazi anaenda kwa wakala kutoa ndiyo apate nauli. Kwa viwango vya M-Pesa ambavyo wateja wamezoea tangu 2023, kutoa kiasi chochote kati ya Sh101 na Sh500 kwa wakala ni Sh29. Kutuma kiasi hicho hicho kwa mtu ni Sh7. Kutuma Sh100 kushuka chini ni bure. Na ukilipa kwa till ya Lipa na M-Pesa, wewe mteja hukatwi kitu.

Kwa hivyo tuseme nauli ni Sh150. Mama akitoa kwa wakala, safari imeanza na hasara ya Sh29, na pengine amepanda ngazi za duka na kupanga foleni. Wewe ukilipa moja kwa moja ukiwa Nairobi au Mombasa, umetumia Sh7 au sufuri.

Kwanza, chagua gari na kiti

Probox iko chini, kwa hivyo goti halipandishwi sana. Matatu ya abiria 14 ina mlango mpana wa kusukuma, lakini ngazi yake iko juu na njia ya ndani ni nyembamba. Shida ya Probox tunaijua wote: imetengenezwa kwa watu watano pamoja na dereva, lakini huku kwetu watu hubanana mpaka mbele wakakaa wawili kwenye kiti kimoja.

Kama mzazi hawezi kubanwa, elewana bei ya kiti kizima cha mbele kabla hajaingia. Kama kuna kiti cha magurudumu au magongo, uliza hapo hapo kama vinalipiwa kama mzigo. Bei ikubaliwe steji, si njiani. Mtu ambaye hawezi kushuka kwa urahisi hana nguvu ya kubishana gari ikiwa katikati ya safari.

Njia ya kwanza: mtoto alipe kutoka mbali

1. Subiri mzazi akae ndani ya gari. Usitume pesa kabla hajapanda, kwa sababu gari inaweza kujaa ikaondoka bila yeye.
2. Mpigie simu. Aweke spika, au ampe makanga simu wewe ukiwa hewani. Makanga akutajie till au nambari yake, na kiasi.
3. Kabla ya kumaliza kutuma, simu yako itakuonyesha jina la anayepokea. Lisome kwa sauti. Makanga akisema "ndiyo, ni mimi" au "ni ya gari", endelea.
4. Baki hewani mpaka makanga akubali kwamba pesa imeingia na mzazi asikie akikubali.

Simu ya mzazi haijaguswa kwa malipo. Hakuna PIN iliyotajwa.

Njia ya pili: abiria alipe mwenyewe

Kama unatumia simu yako mwenyewe, andika nambari ya till ukiwa bado steji, ukiwa umetulia. PIN iweke wewe. Makanga akusomee tarakimu za till tu.

Kwa mwenye shida ya kuona: simu nyingi za Android zina TalkBack na iPhone ina VoiceOver, ambazo husoma skrini kwa sauti. Tumia kisikilizio sikioni, la sivyo jirani atasikia salio lako. Kwa kiziwi: andika kwenye simu mahali unapoenda na nauli mliyokubaliana, umwonyeshe makanga, naye aandike jibu lake. Maandishi hayo yanasaidia pia kukiwa na ubishi.

Na usione aibu kubeba pesa taslimu. Kuna mabonde ambako mtandao unapotea, na betri huisha. Weka nauli ya kurudi kando, ikiwa noti ndogo ndogo, mfuko tofauti na simu.

Gari ikikuuza njiani

Hii inauma zaidi ukiwa na magongo. Gari inafika Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapokutana, abiria wamepungua, na makanga anasema ingieni ile nyingine. Kijana ataruka tu. Mzee ameshalipa na sasa anaambiwa apande tena.

Usishuke kabla makanga wa kwanza hajamlipa wa pili mbele yako, na huyo wa pili akubali mwenyewe kwamba nauli yako anayo. Ujumbe wa malipo ndio risiti yako, kwa hivyo usiufute mpaka ufike. Kama aliyelipa ni mtoto, apigiwe simu papo hapo.

Je, pesa imeenda kwa nambari isiyo sahihi? Kwa M-Pesa, sambaza ujumbe wote wa muamala kwenda 456 mara moja. Mpokeaji akishazitoa, kuzirudisha kunakuwa kazi, kwa hivyo usisubiri kufika nyumbani.

Hauombi hisani

Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia usafiri wa umma kwa njia inayofaa. Kifungu cha 57 kinasema wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka wenye magari ya abiria kuyarekebisha yawafae, na mwaka 2025 ikaja sheria mpya mahali pake. Steji zetu bado hazijafika huko, na kila anayesafiri analijua hilo.

Malipo nayo yalichukua muda. Serikali ilitaka nauli zote zilipwe bila pesa taslimu kuanzia Julai 2014, mpango ukakwama. Miaka sita baadaye, wakati wa Corona, ada za kutuma hadi Sh1,000 ziliondolewa kuanzia Machi 2020 mpaka mwisho wa mwaka huo, na wengi wakazoea kulipa kwa simu hata vitu vidogo. Gari yenye ngazi ya chini itangoja sheria na mwenye gari. PIN kubaki siri haingoji mtu.

Fanya haya leo jioni

- Kama kuna mtu amewahi kutajiwa PIN ya mzazi, ibadilisheni leo. Isiwe mwaka wa kuzaliwa.
- Hifadhi nambari ya makanga au dereva mnayemwamini kwenye simu zenu zote mbili.
- Kubalianeni nani atalipa safari ijayo, na saa ngapi atakuwa karibu na simu.
- Fanyeni mazoezi mara moja mkiwa nyumbani: mzazi apokee simu, aweke spika, aseme "subiri, ongea na mtoto wangu."

Maneno hayo manne ya mwisho yanatosha. Makanga akisema lete PIN nikusaidie, mzazi wako tayari ana jibu.