Baba kama Shujaa: Jicho la Mtoto katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Dhana ya shujaa imezoeleka mno katika madarasa yetu ya fasihi simulizi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huweza kuorodhesha sifa za shujaa bila kusita: nguvu zinazopita za binadamu wa kawaida, siri inayozihifadhi nguvu hizo, usaliti wa mtu wa karibu, na kifo kinachoiachia jamii majonzi na fahari kwa pamoja. Tunapoitaja orodha hiyo, fikira zetu huelekea kwa Fumo Liyongo wa pwani au Lwanda Magere wa Waluo. Ni nadra kuikumbuka nyumba ya kawaida ambamo mtoto wa miaka mitano huwaapia wenzake kwamba babake anaweza kumwinua fahali kwa mkono mmoja. Hata hivyo, watoto wengi hupata shujaa wao wa kwanza ndani ya nyumba, kabla hawajasikia utenzi wowote.

Makala haya yananuia kulijibu swali linaloonekana jepesi: kwa nini mtoto humwona babake kuwa shujaa? Tutaeleza sababu tatu, yaani udogo wa mtoto, umbali wa baba, na nguvu ya masimulizi. Baadaye tutamtazama shujaa huyu anapoanguka machoni pa mwanawe, kisha tuulize ni kipi kinachosalia. Mifano yetu itatoka katika tungo ambazo msomaji wa Kiswahili nchini Kenya anazifahamu vyema.

Udogo wa mtoto

Sababu ya kwanza ni ya kimaumbile. Mtoto hupimia ulimwengu kwa mwili wake. Mlango asioufikia komeo, baba huufungua bila kuutazama. Mzigo asioweza hata kuusogeza, baba huutia begani. Mtoto hana kipimo cha kumwonyesha kwamba wanaume wengine elfu mtaani huweza kuyatenda hayo hayo. Kwake yeye, nguvu hizo ni za mtu mmoja. Tukiongeza ule mchezo wa baba kumrusha mtoto juu na kumdaka, tunaona jinsi mtoto anavyojifunza mambo mawili kwa mara moja: kwamba baba huweza kumtia hofu, na kwamba baba huyo huyo ndiye wa kumwokoa na hofu hiyo. Huo ndio msingi wa kila hadithi ya shujaa.

Udogo huo ni wa mawazo pia. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu uamuzi wa kimaadili wa watoto, alieleza kwamba mtoto mdogo huwa na heshima ya upande mmoja kwa wakubwa. Sheria kwake si makubaliano baina ya watu. Ni jambo lililotoka juu, kwa mzazi, na halibadiliki. Ni baadaye, anapocheza na kubishana na marika wake, ndipo anapoifahamu heshima ya pande mbili. Kwa hiyo, mtoto anaposema kwamba babake hakosei, hasemi uongo wala hajipendekezi. Hajapata bado akili ya kumweka babake kwenye mizani.

Umbali wa baba

Wahenga walisema kuwa mwana hutazama kisogo cha nina. Methali hii kwa kawaida hufasiriwa kwamba mtoto huiga tabia za mamake. Lakini tuichunguze taswira yenyewe. Mtoto aliyebebwa mgongoni yuko karibu na mama kiasi kwamba hawezi kumwona mzima. Anachokiona ni kisogo, na anachokisikia ni pumzi na joto la mwili wake. Mama anajulikana kama mtu anavyoyajua makao yake. Baba, kwa upande mwingine, huonekana kwa mbali, akija njiani, mwili mzima. Umbali ndio unaomfanya mtu apate umbo, na umbo ndilo linalohitajiwa na ushujaa.

Umbali huu una historia pia. Jamii za pwani zimekuwa na mabaharia na wavuvi kwa karne nyingi, wanaume waliokwenda na pepo za msimu na kurejea nazo. Bara nako, kodi ya nyumba iliyotozwa na serikali ya kikoloni tangu mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na mfumo wa kipande, iliwasukuma wanaume wengi kwenda mashambani mwa walowezi, kwenye reli na mijini, huku wake na watoto wakibaki mashambani mwao. Baba akawa mtu wa mwisho wa mwezi au mwisho wa mwaka. Hakuonekana akilemewa na kazi, akifokewa na tajiri wake, wala akikosa nauli. Alionekana siku ya kurudi tu, akiwa na sukari, mkate na habari za mji. Mama aliyelima, akapika na kuuguza siku zote hakuitwa shujaa, kwa kuwa aliyoyatenda yalionekana kila siku. Hapa hatuna budi kukiri kwamba ushujaa wa baba mara nyingi umejengwa juu ya kazi ya mama isiyotajwa.

Nguvu ya masimulizi

Hoja hiyo yatufikisha kwenye sababu ya tatu, nayo ndiyo inayomhusu zaidi mwanafunzi wa fasihi. Shujaa hawezi kuwapo bila fanani. Liyongo angekuwa mtu mrefu tu wa zamani iwapo watu wa pwani wasingemsimulia, na iwapo Muhamadi Kijumwa wa Lamu asingeutunga utenzi wake mnamo mwaka 1913. Vivyo hivyo, nyumbani yupo fanani, na mara nyingi fanani huyo ni mama, nyanya au shangazi. Kauli kama vile "Ngoja babako arudi" au "Babako angekuwapo usingethubutu" ni masimulizi mafupi ya kishujaa. Humpa baba uwezo wa kuhukumu hata asipokuwapo. Nalo jina la baba ambalo mtoto hulibeba katika rejista ya shule ni kama kijina cha sifa: humwambia kila siku kwamba anatoka mahali na ana wa kumtetea.

Riwaya ya marehemu Ken Walibora, Siku Njema, iliyochapishwa mwaka 1996, yatoa ushahidi mzuri. Msanifu Kombo, anayeitwa pia Kongowea Mswahili, analelewa Tanga bila baba. Baada ya kufiwa na mamake, anaanza safari ndefu inayomvusha mpaka hadi Kenya na kumfikisha Kitale akimtafuta babake. Msafiri huyu hana kumbukumbu za kutosha za kuijenga sura ya anayemtafuta. Alicho nacho ni habari na hamu. Ndiposa twaweza kusema kwamba mtoto asiye na baba hakosi shujaa. Aghalabu huwa naye mkubwa zaidi, kwa maana hakuna siku ya kawaida ya kumpunguza kimo.

Aidha, tusidhani kwamba nafasi hii ni ya baba mzazi peke yake. Miongoni mwa Wadigo, ambao kijadi urithi ulifuata upande wa mama, mjomba alikuwa na mamlaka makubwa juu ya watoto wa dadake. Kwingineko babu, kaka au mwalimu huichukua nafasi hiyo. Kinachodumu ni haja ya mtoto ya kuwa na mtu wa kumtazamia.

Shujaa anapoanguka

Fasihi yetu andishi haikumsaza baba. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, Bwana Maksuudi ni mtu wa heshima mjini na dikteta nyumbani. Anawafungia mkewe na bintiye ndani kwa jina la maadili, ilhali yeye mwenyewe maadili hayo hayamfungi. Kilele cha aibu yake ni pale anapokutana ana kwa ana na mwanawe Mussa nyumbani kwa Kazija. Ukali wa tukio hilo hautokani na uzinzi wa Maksuudi peke yake. Msomaji alikwisha kuujua. Unatokana na macho yanayomtazama. Mtu huweza kufedheheka mbele ya mji mzima akasimama tena, lakini si rahisi kusimama mbele ya mtoto aliyekuwa akikuamini.

Katika Kidagaa Kimemwozea (2012), Walibora anamwonyesha Madhubuti, mwanawe Mtemi Nasaba Bora, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo akakataa kunufaika na ufisadi wa babake. Madhubuti hakukosa shujaa. Amekitenganisha kipimo cha ushujaa na mtu aliyekuwa akikishikilia, kisha akampima babake kwa kipimo hicho hicho. Hapa ndipo mtoto anapokua. Kwa mtazamo wetu, kuanguka kwa baba machoni pa mwanawe si msiba kila mara. Msiba ni pale mtoto anapoanguka pamoja naye.

Siri ya Liyongo

Tumrudie sasa Liyongo, kwa kuwa kisa chake kina jibu ambalo visa vingine havina. Lwanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe, alisalitiwa na mke aliyetoka kwa maadui. Liyongo alisalitiwa na mwanawe wa kumzaa. Mtawala wa Pate alimrubuni kijana huyo kwa ahadi, naye akaenda kumwuliza babake ni kitu gani kiwezacho kumwua. Liyongo akamwambia: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kijana akaitenda kazi hiyo babake alipokuwa amelala. Liyongo aliyejeruhiwa alifia penye kisima akiwa amepiga goti na upinde wake tayari, na watu wakaogopa kuyasogelea maji wakidhani yu hai. Mwana naye hakuyapata aliyoahidiwa.

Inafaa kukumbuka kwamba Kithaka wa Mberia, alipokichukua kisa hiki na kukigeuza tamthilia ya Kifo Kisimani mwaka 2001, msaliti alimfanya Gege, nduguye Mwelusi. Badiliko hilo lilifaa kwa tamthilia ya kisiasa, kwani wananchi wanaosalitiana ni ndugu. Lakini katika utenzi, usaliti wa mwana una uzito wa namna nyingine. Liyongo aliyevunja kifungo na kuwashinda maadui hakuwa na silaha ya kumkinga na mtoto wake. Kitovu, mahali pa udhaifu wake, ndipo binadamu alipounganishwa na mzazi wake kabla ya kuzaliwa. Hivyo, utenzi watuambia kwamba mwana ndiye anayeweza kuijua siri ya shujaa: kwamba shujaa hufa.

Kila mtoto huifikia siri hiyo siku moja, pale anapomwona babake mgonjwa, amestaafu au analia. Yapo mawili ya kuchagua: kuitumia kama sindano au kuihifadhi. Na baba pia anao uchaguzi. Shaaban Robert aliwatungia wanawe tenzi za mawaidha, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Mzazi wa namna hiyo hamwachii mtoto nguvu za misuli ambazo zitamwishia. Humwachia maneno ambayo mtoto ataweza kuyapima, kuyakubali au kuyakataa akiwa mtu mzima.

Hitimisho

Tumeona kwamba mtoto humwona babake kuwa shujaa kwa sababu ni mdogo, kwa sababu baba yuko mbali, na kwa sababu kuna wanaomsimulia. Yote matatu hupita. Mtoto hukua, baba huzeeka na kuketi nyumbani, na masimulizi hupatikana kuwa na mapengo. Linalobaki ni lile ambalo baba alilitenda wakati alipoaminiwa bila kupimwa.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wenzetu, tunapendekeza jambo moja. Uhakiki wetu umejizoesha kumweka baba katika kapu la mfumo dume na kumwacha humo. Kina Maksuudi wanastahili hukumu hiyo, na wala hatuombi wahurumiwe. Lakini tukimtazama baba kwa jicho la mhakiki pekee, tutakosa kuona ni kwa nini Mussa aliumia na ni kwa nini Kongowea Mswahili alisafiri. Tulisome pia jicho la mtoto aliyemo katika kazi hizo. Yeye ndiye ajuaye alichokuwa nacho kabla ya kukipoteza.