Zawadi ya ubatizo: Suti au mbuzi?

SUTI ndogo nyeupe humpendeza mtoto wa kiume siku ya ubatizo, ila akifikisha takriban miezi mitano uzani wake wa kuzaliwa huwa umeongezeka maradufu, na suti haimtoshi tena. Mbuzi jike hubeba mimba kwa muda uo huo.

Wakamba wa zamani hawakutanguliza nguo. Siku ya nne, baba alimvika mwanawe mkufu, ishara kwamba sasa ni mtu kamili.

Mkazi wa Athi River anayeishi katika nyumba ya kupanga hana zizi, lakini mbuzi anaweza kufugwa kwa nyanyake mtoto, Mwala au Masinga. Wazazi waulizwe kwanza, na iafikiwe mapema vitoto vitakavyozaliwa vitakuwa vya nani.