Gari ya zamani inayovuja mafuta

Wandugu watumikaji, pitieni jioni katika kambi mutazame mahali gari zinapolala. Chini ya nyingi mutaona kikopo cha kupokea mafuta ya motere. Mwenyewe anasema: «Ni muzee, ndiyo tabia yake.» Basi kila juma anaongeza litri moja.

Kupoteza feza si hasara kubwa kuliko zote. Mafuta yakitonea juu ya bomba ya moshi iliyo na moto mukali, yanaweza kuwaka. Motere ikikosa mafuta, vyuma vinasagana na motere inakufa.

Katika kutafuta, wengi wanakosea. Wanaona karteri imelowa, wananunua jointi ya karteri, wanafungua yote, na kiisha juma mbili inavuja tena. Mafuta yanashuka, na upepo wa njiani unayasukuma nyuma. Pale yanapodondoka sipo yanapotokea. Osha motere ikiwa baridi, ikauke, nyunyiza poda ya mutoto, tembeza gari dakika 15. Kiisha zima motere, tazama kwa tochi, si kwa kiberiti. Doa la juu kabisa ndilo mwanzo.

Mara nyingi ni jointi ya kifuniko cha kilbiteri. Usikaze buloni kwa nguvu zako zote: kifuniko cha bati kinapindika, na kitavuja kuliko mbele.

Umebadilisha jointi mara mbili na bado inavuja? Chungulia kabomba kanakopumulia motere. Katika motere nzee gazi zinapita kando ya segma na kushuka katika karteri. Kabomba kakiziba kwa uchafu, pumzi ile inasukuma mafuta inje kwa kila jointi. Kukasafisha hakuombi feza, na mafundi wengi wanakasahau!

Usiingie chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake. Kriki ikiteleza, gari itakuponda. Zuia magurudumu kwa mawe, simamisha gari juu ya vipande vinene vya muti. Matofali hapana, yanapasuka kwa gafula. Na watoto wakae mbali.

Tena ngozi. Mafuta meusi yaliyotumika ni mabaya. Katika mwaka 1922, waganga wa Manchester, Uingereza, waliandika juu ya watumikaji wa viwanda vya pamba waliopata kansa ya ngozi ya mapumbu, kwani mafuta ya mashini yalilowesha nguo zao miaka mingi. Kwa hiyo kitambaa cha mafuta kisikae katika mufuko wa suruali. Nawa kwa sabuni, si kwa esanse. Na mama, nguo za kazi uzifue pembeni, si pamoja na za mutoto.

Mafuta ya zamani usiyamwange karibu na kisima. Yatie katika bidoni yenye kifuniko, uyapeleke garaji. Lakini isiwe bidoni ya mafuta ya kula: mugeni akiingia jikoni anaweza kuyatia katika chungu.