Maafa ya Mbali, Mshtuko wa Karibu

Desemba 3, 2023, kufuatia mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliporomoka hadi Gendabi na mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha.

Mkoa wa Simiyu haukuguswa na tope hilo. Hata hivyo, runinga ziliyafikisha maafa hayo sebuleni mwa wakazi wa Bariadi, kama kwingineko nchini. Desemba ni msimu wa kupanda pamba. Mvua inayoombwa na mkulima wa Simiyu ndiyo iliyoonekana ikizika nyumba za watu. Aliyekuwa na ndugu Hanang alitafuta sura yake katika kila picha.

Je, kutazama tu kunaweza kumdhuru mtu? Picha ya kutisha huamsha mwitikio wa hatari hata kwa aliye salama: moyo huenda mbio, misuli hukaza, usingizi hukatika. Kwa wengi hali hiyo hupita baada ya siku chache. Picha zinaporudiwa saa baada ya saa, mwili hukosa nafasi ya kutulia.

Utafiti uliofanyika Marekani baada ya milipuko ya mabomu ya Boston mwaka 2013 ulionesha kuwa waliofuatilia habari hizo kwa saa 6 au zaidi kwa siku waliripoti dalili nyingi zaidi za msongo kuliko waliokuwa karibu na milipuko yenyewe. Tukio hilo halikuwa janga la asili, na huenda wenye hofu ndio hutazama zaidi; lakini tahadhari inabaki palepale.

Watoto wako hatarini zaidi. Mtoto mdogo anaweza kudhani kwamba kila picha inayorudiwa ni janga jipya, na kwamba mlima umeporomoka mara kumi. Kukojoa kitandani upya, kung'ang'ania mzazi au kuogopa mvua ni lugha yake ya hofu. Mzazi azime runinga, amweleze kwa maneno machache ya kweli yaliyotokea, na amhakikishie kwamba yuko naye.

Mtu mzima achague muda maalumu wa kupata habari, mara moja au mbili kwa siku, wala si kabla ya kulala. Kuwapigia ndugu simu, kusali na wenzake, kuchangia waathirika na kurejea shambani humwondoa katika unyonge wa kutazama tu.

Kwa mhudumu wa afya, mgonjwa anayelalamikia mapigo ya moyo au kukosa usingizi apimwe kwanza kama kawaida, kisha aulizwe: "Umekuwa ukifuatilia habari gani siku hizi?" Huduma ya kwanza ya kisaikolojia inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ina hatua tatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha na msaada. Asilazimishwe kusimulia. Dalili zikizidi mwezi mmoja, zikizuia kazi, au mtu akitaja kujidhuru, apewe rufaa. Anayetaja kujidhuru asiachwe peke yake.

Runinga ya chumba cha kusubiria wagonjwa nayo ni sehemu ya mazingira ya tiba. Siku ya maafa, kuizima ni huduma.